Rais wa Marekani anaweza kufuta msaada uliopitishwa na Bunge?

Wakubwa, hapa Bukavu tunasikia Trump alikata misaada kwa kalamu tu. Sheria inamruhusu?

— Kalamu ilifanya nusu, ndugu. Tarehe 20/1/2025 alisaini amri ya kusimamisha misaada siku 90. Kufuta pesa ni kazi ya Bunge. Kwa sheria ya 1974, rais anapeleka ombi na kushikilia pesa siku 45 za vikao. Bunge likinyamaza, lazima aitoe. Julai 2025 pande zote mbili za Bunge, Baraza la Wawakilishi na Seneti, zilikubali kufuta kama dola bilioni 9, Seneti kwa kura 51 kwa 48. Ombi la namna hiyo halihitaji zile kura 60 ambazo miswada mingi huhitaji Seneti ili mjadala ufungwe.

— Yaya, umeruka mwanya. Mwaka wa bajeti unaisha 30 Septemba. Mwishoni mwa Agosti 2025 alipeleka ombi la bilioni 4.9: kabla ya tarehe hiyo zilibaki siku chache kuliko 45, basi pesa inakufa yenyewe. Ujanja mtupu, lakini Mahakama Kuu ilimwachia ashikilie kama bilioni 4 za hizo wakati kesi ya kumpinga ilikuwa ikiendelea.

— Na miradi ya huku?

— Uliza kama pesa imeshafungwa kwenye mkataba. Hiyo haifi Septemba. Ila mkataba nao unavunjwa, kama ilivyotokea kwa mingi ya USAID, shirika la misaada la Marekani.