Uzi wa tatu wa gita haukai kwenye sauti, na nyuzi zinaota kutu

Kijana wa Raskazone

Wakuu, habari za jioni. Nipo Tanga, nyumbani kwetu Raskazone, bahari unaisikia ukiwa kitandani. Nina gita la nyuzi za chuma, napigia kwaya. Nilifunga seti mpya ya namba 12 (namba ya unene wa nyuzi) kwa mikono yangu. Wiki ya tatu tu, zile nyembamba mbili zimeshaota madoa meusi, nikimaliza kupiga vidole vinanuka misumari.

Ila tabu yenyewe ni uzi wa tatu. Naukaza, programu ya simu inasema bado uko chini. Nakaza tena, kimya. Nakaza kidogo, unalia "tik!" unaruka hadi juu ya G, sauti yake. Naulegeza unafika, napiga wimbo mmoja, umeshuka. Jumapili mwalimu wa kwaya alinitazama mpaka nikajifanya natafuta kitabu cha nyimbo.

Fundi mmoja kaniambia nibadilishe vifunguo vyote vya kichwani, vile vya kukazia nyuzi. Hela niliyonayo ni ya nyuzi tu. Halafu kuna mtu ananiuzia za nailoni kwa bei ya kutupa, eti hazioti kutu. Nichukue?

Mtu wa Korogwe

Hamia Lushoto mkuu, kule hakuna chumvi 😂

Ridhim wa Ngamiani

Kijana, usimpe fundi hela. Hiyo "tik" ndiyo imejibu swali lako.

Tazama pale shingo inapokutana na kichwa, kuna kile kipande cheupe chenye mifereji sita. Uzi wako umekwama humo. Unapokaza, upande wa kichwani unavutika, upande wa kupigia hausogei. Nguvu ikizidi unachomoka kwa mkupuo. Ndiyo hiyo "tik". Sasa ukiulegeza ili ushuke hadi G, kichwani panalegea lakini kwenye mfereji bado umeng'ang'ania. Simu inakwambia sawa. Ukianza kupiga, uzi unateleza kurudi, na wewe umeshaanza ubeti wa pili. Vifunguo havina kosa.

Legeza uzi, utoe kwenye mfereji, chukua penseli laini, sugua ndani mpaka pawe peusi. Rudisha. Na kuanzia leo usitafute sauti kwa kushuka. Ukiipita, shuka chini kabisa, kisha panda kuifuata.

Tukiwa hapo hapo: kwenye kifunguo zungusha mara mbili au tatu, basi. Nimeona vijana wanazungusha mara saba, pamevimba kama kiota cha ndege. Uzi mpya ushike katikati, uvute kwa upole kutoka kwenye ubao, uukaze hadi sauti yake, uvute tena, mara tatu nne, mpaka usishuke. Usipouvuta wewe, utajivuta wenyewe kanisani.

Nailoni achana nayo. Haioti kutu, kweli, lakini gita lako limejengwa kubeba mvuto wa kilo 70 hivi, nailoni inavuta kama nusu yake. Sauti itakuwa ya kunong'ona, nani atakusikia kwenye kwaya? Kinyume chake ndiyo hatari kabisa. Nilipokuwa kijana nilifunga nyuzi za chuma kwenye gita la nailoni la mjomba, nikaona nimemtengenezea. Usiku kishindo! Mjomba akatoka na panga, kadhani mwizi. Daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi tumboni mwa gita, lilikuwa limeng'oka pamoja na kipande cha ubao, linaning'inia kwa nyuzi. Sikuligusa tena gita lake mpaka nilipooa.

Kuhusu kutu. Zile mbili nyembamba ni chuma kitupu, ndiyo maana zimetangulia. Nyingine zimezungushiwa shaba. Wengi dukani watakupa bronzi ya 80/20, yaani shaba 80 na zinki 20: siku ya kwanza inang'aa kama kengele, kwenye chumvi yetu inafifia mapema. Fosfa bronzi, aina nyingine ya mchanganyiko wa shaba, inavumilia zaidi. Kuna zilizopakwa utando mwembamba, hizo ni ghali lakini zinadumu. Ukizipata, kwa nyumba ilipo hiyo, ni akiba. Namba 11 ingekufaa, vidole vitapumua.

Ila uzi wowote ni bure kama huufuti. Ukimaliza kupiga pitisha kitambaa kikavu cha pamba, juu na chini ya kila uzi, kisha gita liingie kwenye mfuko wake. Najua mnavyopenda kuliegemeza dirishani upande wa upepo. Bendi zetu za zamani, Atomic na Jamhuri Jazz, walipigia kwenye hewa hii hii ya Tanga, usisingizie bahari peke yake.

Kijana wa Raskazone

Shikamoo mzee. Dirishani ndipo linapokaa, sijui umejuaje.

Nimesugua penseli jana, "tik" imekufa. Zilizopakwa utando nimeambiwa mpaka ziagizwe Dar, nimechukua fosfa bronzi namba 11. Leo mazoezi ya nyimbo sita, nimegusa kifunguo mara moja, tena ni uzi wa pili. Zile kuukuu naweza kuzichemsha nizitunze za akiba?

Ridhim wa Ngamiani

Marahaba. Tulichemsha sana enzi zetu, kwenye sufuria ya chai. Zile nene uchafu unatoka, zinalia siku mbili tatu. Nyembamba zenye kutu tupa. Na sufuria iwe yako, si ya mama.