Mchana wa Ramadhani hagusi sigara, Shawwal siku ya pili ameshindwa. Kwa nini?

Wa Langoni
Assalaam alaykum. Swali kuhusu mvutaji wa sigara kama 20 kwa siku, ya kwanza kabla hata ya kunawa uso. Ramadhani, alfajiri hadi magharibi, saa 13 na zaidi, hagusi. Adhana ikilia, tende moja, halafu kiberiti. Shawwal akijaribu kuacha, siku ya pili ameshindwa. Na hizi plasta na chingamu za nikotini hutumikaje hasa? Hapa Lamu mtu aweza kuzitafuta wiki nzima, akizipata apewe bila maelezo.

Kusi
Waalaykum salaam. Nikotini ya moshi hufika ubongoni kwa sekunde 10 hadi 20, ikashika vipokezi (vituo vya kuipokea kwenye seli za ubongo), dopamini, kemikali ya raha, ikamwagika, mtu akahisi ametulia. Ubongo wa mvutaji wa siku nyingi huongeza idadi ya vipokezi hivyo, na vikikaa vitupu ndipo inapokuja arosto: hasira, mawazo yasiyotulia, njaa, usingizi wa vipande. Iliyomo damuni hupungua kwa nusu kila saa 2 hivi. Kwa hivyo magharibi ikiingia, aliyefunga amebakiwa na chembe tu.

Lakini kilele cha arosto ni siku ya 2 au ya 3, kisha hushuka polepole kwa wiki 2 hadi 4. Mwenye kuwasha kila magharibi hakifikii kilele hicho hata mara moja. Kila siku anakwenda hadi mlangoni, anarudi. Na ile sigara ya magharibi ndiyo kali kuliko zote, kwa kuwa vipokezi vimepumzika mchana kutwa. Kichwa kikizunguka, ubongo unaiandika kuwa ndiyo futari yenyewe.

Halafu mchana wa Ramadhani hakuna mjadala moyoni. Haivutwi, basi. Kahawa ya asubuhi hakuna, chakula cha mchana hakuna, wala barazani hakuna wa kukunyooshea pakiti. Shawwal vyote hurudi siku moja. Ndiyo maana siku ya kuacha ningeiweka ndani ya Ramadhani, tena mwanzoni, si Idi. Kinachobaki kupiganiwa ni magharibi mpaka daku, na sehemu ya muda huo mtu amelala.

Mpima Dozi
Kwenye dawa. Anayevuta zaidi ya 10 kwa siku huanza na plasta ya miligramu 21, moja kila siku kwa wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2. Ibandikwe juu ya kiwiko au kifuani, pasipo nywele, na kesho ihamishwe pahala pengine, la sivyo ngozi itawasha. Kwa joto letu kosa kubwa ni mafuta ya nazi: ngozi iliyopakwa mafuta haishiki plasta. Oga, jikaushe, bandika, gandamiza kwa kiganja sekunde 10. Ikileta ndoto za ajabu, itolewe wakati wa kulala.

Plasta hushikilia kiwango cha chini cha nikotini mwilini siku nzima, lakini hamu ya ghafla haiiwahi. Hapo ndipo pa chingamu, na viwili pamoja hufanya kazi vizuri kuliko kimoja. Anayevuta ndani ya dakika 30 za kuamka ni wa miligramu 4, mwengine 2. Haitafunwi kama bazoka! Tafuna polepole mpaka uhisi mwasho, ibane kati ya shavu na ufizi, mwasho ukiisha tafuna tena, kama dakika 30. Anayeitafuna mbiombio humeza nikotini, akapata kwikwi na kiungulia, kisha akasema dawa haifai.

Kwa anayefunga, chingamu ni ya usiku tu. Plasta ni ya ngozini, hukumu yake aulizwe sheikh mapema. Mjamzito au aliyepata shambulio la moyo karibuni aanze kwa daktari.

Chokaa na Ndimu
Naongeza la kahawa. Kahawa, soda na maji ya ndimu hutia kinywa asidi, na nikotini haipenyi vizuri. Ngoja dakika 15 baada ya kunywa ndipo uweke chingamu. Kinyume chake ni chokaa ya tambuu, ambayo huifanya tumbaku ipenye haraka. Kwa hivyo aliyehama sigara akaingia tambuu yenye tumbaku hajaacha kitu (si bure sisi tukaiita tambuu yenyewe uraibu).

La pili halijulikani sana. Moshi, wala si nikotini, hulifanya ini livunje kafeini, kichangamsho cha kahawa, upesi. Ukiacha kuvuta, vikombe vile vile vya kahawa tungu vinakuachia kafeini nyingi zaidi damuni. Mikono inatetemeka, usingizi hauji, mtu anadhani ni arosto. Punguza vikombe kwa nusu tangu siku ya kwanza. Mirungi nayo iwekwe kando kabisa mwezi huo, maana mkao wake na sigara ni mmoja.

Wa Langoni
Shukran sana. Na akiteleza akavuta moja?

Kusi
Asibandue plasta, wala asingoje Ijumaa au mwezi mwandamo ndipo aanze upya. Atupe pakiti iliyobaki saa ile ile, kisha aangalie alikuwa wapi na nani. Mara nyingi ni baraza ile ile, baada ya isha. Basi wiki mbili akae kwengine. Hamu moja hudumu dakika chache tu: maji baridi, mswaki mdomoni, au atembee kutoka Mkunguni mpaka mwisho wa gati na kurudi. Na zile anazonunua mojamoja dukani azihesabu pia. Wengi husema wameacha kwa sababu hawana pakiti nyumbani.