Kabla ya kumsingizia dada wa watu mota, kapimeni upepo wa tairi zenu

Wakuu, habari zenu. Nilinyamaza nikidhani yatapita, lakini naona yanazidi kuota mizizi, kwa hiyo leo naandika na atakayenuna anune.

Kwenye kundi letu la baiskeli za milimani amejiunga dada mmoja, mwembamba, mkimya, hana makuu. Kosa lake ni moja tu: mlima ukianza anawaacha wanaume. Basi imekuwa nongwa, wanamsingizia kaficha mota ya umeme ndani ya baiskeli. Mwanzoni ilikuwa utani, "dada, betri umeficha wapi?", watu wanacheka na yeye anacheka. Safari iliyopita utani ukageuka upekuzi. Tunafika juu, yeye keshakunywa maji na keshapumzika, jamaa watatu wakaikamata baiskeli yake bila hata kumwomba ruhusa, wakaipindua matairi juu. Mmoja anagonga fremu kwa funguo asikilize mlio. Mwingine anazungusha pedeli kinyumenyume, sikio kalibandika kwenye ekseli kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Wa tatu anapiga picha. Jioni picha iko kwenye WhatsApp ya kundi, bomba la fremu linaloshika siti limezungushiwa duara jekundu, chini yake: "Wataalamu mnaonaje?"

Mtaalamu gani? Baiskeli ile ina siti inayoshuka na kupanda kwa kitufe. Nguzo yake ndefu ndiyo imejaa ndani ya hilo bomba mlilolichorea duara! Mota zile za siri huingizwa humohumo, juu kidogo ya ekseli ya pedeli, na zinahitaji bomba lililonyooka lenye nafasi. Hiyo nafasi iko wapi? Na betri je? Ukitaka msaada wa wati 100 kwa saa nzima, betri peke yake inakaribia nusu kilo, bado mota, bado nyaya. Mliinyanyua baiskeli kwa mikono yenu wenyewe na mkaona ilivyo nyepesi, halafu mkaenda kuchora duara.

Sisemi udanganyifu wa mota haupo. Upo, na ulishakamatwa hadharani. Mwaka 2016 kule Zolder, Ubelgiji, kwenye mashindano ya dunia ya cyclo-cross, yaani mbio za baiskeli za kwenye matope na nyasi, baiskeli ya mwendeshaji Femke Van den Driessche ilikutwa na mota ndani. Yeye alisema si baiskeli yake, ni ya rafiki. UCI, shirikisho la baiskeli duniani, walimfungia miaka 6 na kumtoza faini ya faranga 20,000 za Uswisi. Lakini angalieni walivyofanya: wakaguzi wa mashindano walikuwa na kifaa cha kupima sumaku, baiskeli ikafunguliwa, kesi ikaenda kwenye kamati ya nidhamu, hukumu ikatoka. Hakuna aliyegonga fremu kwa funguo.

Na wapo waliosakamwa bure. Mwaka 2014, kwenye Vuelta, mbio kubwa za baiskeli za Hispania, mwendeshaji Ryder Hesjedal alianguka kwenye kona, baiskeli yake ikaendelea kujizungusha pale chini barabarani. Video ikasambaa, kila mtu akawa fundi wa mota. Baiskeli za timu yake zikakaguliwa, hakikukutwa kitu. Gurudumu lililokuwa kwenye mwendo likigusa lami linaweza kuisukuma baiskeli iliyolala. Ndiyo hivyo tu.

Sasa hesabu, maana naona hii ndiyo hamuitaki. Tuseme dada ana kilo 55, na baiskeli na maji inafika 67. Anasukuma wati 220. Wewe una kilo 85, na baiskeli yako 99, unasukuma wati 270. Umemzidi nguvu, hongera. Lakini mlima haukuulizi una nguvu kiasi gani, unauliza kila kilo inapata wati ngapi. Yeye 3.3, wewe 2.7. Mlima unaomchukua dakika 15 wewe utakuchukua kama 18. Dakika 3 nzima, bila betri, bila mchawi. Na hapo nimekuhesabia kwamba baiskeli yako iko sawa.

Kumbe haiko sawa! Huyu bwana mwenye funguo, tairi zake za inchi 2.3 kazijaza upepo mpaka PSI 45 (kipimo cha upepo wa tairi), ukizibonyeza kidole gumba kinagoma. Ukimuuliza anasema tairi ngumu ndiyo inateleza vizuri. Kwenye lami laini, sawa. Kwenye mawe na mizizi, tairi ngumu inamrusha yeye na baiskeli yake kwenye kila jiwe, na kila mrusho ni nguvu yake inapotea. Kwenye changarawe la kupanda, gurudumu la nyuma linazunguka hewani. Mtu wa kilo 75 mwenye tairi zisizo na tyubu anaanzia PSI 20 hadi 25, kisha anaongeza au kupunguza kidogokidogo kwa geji, siyo kwa kukisia.

Mwenzake, yule wa sikio, shokapu ya nyuma haijawahi kuona pampu. Kila akikanyaga pedeli siti inadidimia na kurudi, unadhani anapanda ngamia. Kazi yenyewe haimalizi dakika 10: vaa na begi lako, kaa kwenye siti, sukuma kile kipete cha mpira cha kwenye shokapu mpaka kigote, shuka taratibu, pima. Shokapu ya nyuma izame asilimia 25 hadi 30 ya mwendo wake wote wa kuzama, ya mbele 15 hadi 20. Na hiyo siti pandisha, kaka, magoti yanakugonga kidevu. Cheni yako sitaisema, inajisema yenyewe kwa kulia njia nzima.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Kundini humohumo kuna mwenzetu ana baiskeli ya umeme, mota waziwazi, wati 250. Sina neno na baiskeli za umeme, aendeshe kwa raha zake. Ila safari zake kwenye Strava, ile programu ya simu ya kurekodi safari na kushindanisha muda, anaziweka kama baiskeli ya kawaida, wakati sehemu ya baiskeli za umeme ipo na ina orodha yake. Rekodi ya ule mlima leo ni yake. Hao wapekuzi watatu wote wamempa "kudos", yaani pongezi! Mota wanayoiona kwa macho hawaioni, wanatafuta ile isiyokuwepo kwa sababu mwenye baiskeli ni mwanamke na amewapita.

Safari yenyewe tulitangaza ni ya kusubiriana kila njia panda. Waliosubiri wageni ni huyo dada na mzee mmoja. Wapekuzi walikuwa bize kumfukuza yeye.

Ninachotaka: aliyetuma ile picha aifute na aombe radhi palepale kwenye kundi alipoituma, siyo kumfuata dada inbox. Mwenye rekodi ya umeme abadilishe aina ya baiskeli, ni kubonyeza mara mbili tatu tu. Na mwenye ushahidi wa mota auweke hapa chini ya uzi. Picha yenye duara siipokei.