Mjadala: Kutamba ni kwa miguu au kwa mdomo?

Wadau wa lugha, juzi nilimsikia mwalimu akimsahihisha mwanafunzi aliyeandika "jogoo alitamba uani." Alimwambia kutamba ni kujigamba kwa maneno, na kwamba mwendo wa majivuno huitwa maringo. Nampinga, na naomba tulijadili.

Maringo hayahitaji miguu. Mtu huweza kuringa akiwa ameketi barazani, salamu akaiitikia kwa kubetua mdomo. Madaha ni mwendo kweli, lakini mna uzuri ndani yake: bibi harusi akitembea kwa madaha husifiwa, hasemwi. Kutamba ni jambo jingine kabisa. Kifua mbele, hatua za kuhesabu, na lazima pawe na uwanja na macho ya kutazama. Yule jogoo alitamba!

Tena tazameni jamaa za neno lenyewe. Kama tanda ilivyo na tandaa, tamba nayo ina tambaa, mwendo wa mtoto mchanga na nyoka. Kuna tambuka, kupita juu ya kitu kwa kunyanyua mguu. Waganda wakisema okutambula wana maana ya kutembea, na Kilingala kina kotambola, maana ni ileile. Kwa Kinyarwanda na Kirundi, hatua ni intambwe. Washona nao husema kutamba kwa kucheza, ngoma ikiwamo. Ukoo mzima huo unatumia mwili. Kwa maoni yangu mwendo ulitangulia, majigambo ya ulimi yakafuata.

Najua kurasa za michezo zitaletwa hapa. Kabla ya mechi "kocha atamba", yaani maneno, zile tambo tulizozizoea. Baada ya mechi "Yanga yatamba", yaani imeshinda. Na mwanamuziki "aliyetamba miaka ya 1980" ni aliyevuma. Sizikatai maana hizo hata moja. Ninachokataa ni kuifukuza darasani ile ya miguu.

Panaponisumbua ni Zanzibar, ambako hadithi hutambwa na msimuliaji ni mtambaji. Hapo hakuna kujigamba, wala mwendo siuoni waziwazi. Ndugu zangu wa Unguja na Pemba, bibi zenu walipotamba hadithi walikaa mkekani, au walisimama wakaigiza mwendo wa sungura na fisi?