Magitaa matatu ya umeme yaliyotumika: Pacifica, Squier au Epiphone?

Muulizaji (Dar es Salaam)

Habari zenu wanajukwaa. Natafuta gitaa la umeme la kupigia rizimu kanisani, na pia solo katika bendi ndogo ya dansi tunayoianzisha, na fedha niliyo nayo haizidi shilingi 700,000. Nimepata wauzaji watatu, wote watu binafsi. Wa Tabata anauza Yamaha Pacifica 112V kwa 600,000. Wa Kigamboni ana Squier Stratocaster kwa 400,000, lakini freti zake za mwanzo (vile vyuma vyembamba vilivyokingama shingoni) zimelika. Wa Mbezi anataka 650,000 kwa Epiphone Les Paul pamoja na amplifaya ndogo iliyotoka Japani, ila ameniambia wazi kwamba kichwa cha gitaa hilo kiliwahi kupasuka kikagundishwa. Naomba mnisaidie kulinganisha kabla sijatoa fedha.

Fundi wa magitaa (Mombasa)

Ndugu, kabla ya kulinganisha majina, linganisha shingo, kwa sababu karibu kila kitu kingine katika gitaa kinabadilishika kwa gharama ndogo, lakini shingo iliyojipinda kama parafujo huwezi kuinyoosha kwa nondo iliyomo ndani yake. Shika gitaa kama unayelenga shabaha, utazame kutoka kichwani kuelekea mwilini, pande zote mbili. Kisha bana uzi mnene kabisa kwenye freti ya kwanza, na kwa mkono wa pili uubane pale shingo inapokutana na mwili, halafu uangalie nafasi iliyopo kati ya uzi na freti ya saba. Inapaswa kupita karatasi ngumu ya kadi ya biashara. Uzi ukigusa freti, au nafasi ikiwa kubwa mno, nondo inahitaji kulegezwa au kukazwa; na hapa kwetu pwani ni lazima uhakikishe kwamba bado inazunguka, maana hewa ya chumvi huikamata kwa kutu.

Sauti inayokwaruza unapozungusha vitufe isikutishe. Mara nyingi ni vumbi tu, na dawa ya kusafishia vifaa vya umeme huimaliza. Kasoro hiyo itumie kuomba upunguziwe bei.

Mpiga solo (Morogoro)

Naungana na fundi, lakini naomba tusisahau muziki wenyewe. Katika dansi, solo, solo la pili na rizimu hupishana, na kila noti inatakiwa isikike imejitenga na mwenzake. Pikapu (vinasa sauti vya sumaku na koili ya waya vilivyo chini ya nyuzi) za koili moja, kama zile tatu za Stratocaster, hutoa sauti hiyo nyepesi na kali, ilhali Les Paul ya kawaida ina pikapu za koili mbili zenye sauti nzito zaidi. Kwa sikio langu, Squier ndiyo inayokufaa. Aidha, shingo yake imefungwa kwa skrubu, hivyo hata ikiharibika kabisa unaweza kutafuta nyingine.

Fundi wa magitaa (Mombasa)

Hilo la sauti ni kweli, ila pikapu za koili moja hunasa mvumo wa umeme, na katika ukumbi wenye taa za tyubu au usio na ethi ya kuaminika, mvumo huo utausikia kila unapoacha kupiga. Koili mbili zilibuniwa ili kuuondoa. Ndiyo maana mimi naegemea Pacifica: ina mbili za koili moja, na ile ya karibu na daraja, pale nyuzi zinapoishia mwilini, ni ya koili mbili ambayo, kwenye 112V, unaigawa iwe moja kwa kuvuta kitufe cha toni.

Kuhusu freti za Squier, uliza zimelika kiasi gani. Vishimo vifupi chini ya nyuzi nyembamba husawazishwa kwa tupa. Vikiwa virefu, freti hung'olewa na kuwekwa mpya, na kazi hiyo inaweza kula tofauti yote ya bei uliyofikiri umeiokoa.

Mpiga besi (Nairobi)

Nami niseme juu ya Epiphone, kwa kuwa bei yake inavutia. Kichwa cha Les Paul kimelala nyuma, na mbao ni nyembamba hapo nyuzi zinapoanzia, kwa hiyo gitaa likianguka chali ndipo hupasuka. Ufa mrefu uliogundishwa vizuri hushika kwa miaka mingi. Ufa mfupi wa kukata mbao kwa upande ndio wa kuogopa. Utazame kwa tochi, lityuni gitaa, liache dakika kumi na tano likiwa na nyuzi zote zimekazwa, kisha upime tena. Hata likifaulu, dada yako nisingelilipa bei ya gitaa zima.

Na kwa muuzaji yeyote kati ya hao, usitume hata shilingi ya kushikia kabla hujalipiga likiwa limechomekwa. Nenda na mwenzako mahali penye watu, mwombe muuzaji alipige mwenyewe akueleze alikolipata, kisha mwandikiane hati yenye namba ya gitaa, majina na sahihi zenu. Vyombo vya makanisa na bendi huibwa, na mwenyewe akitokea, hati hiyo ndiyo itakayoonyesha ulinunua kwa nani.

Muulizaji (Dar es Salaam)

Nawashukuru sana. Nitaanza Tabata, na Pacifica ikiwa na shingo nzuri nitaomba anipunguzie. Swali langu la mwisho ni hilo la amplifaya ya Mbezi: je, haibadilishi hesabu?

Fundi wa magitaa (Mombasa)

Soma kibandiko cha nyuma. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni zaidi ya mara mbili ya huo. Kama kimeandikwa volti 100 pekee, ukiichomeka moja kwa moja utaiunguza siku hiyohiyo, kwa hiyo ongeza bei ya transfoma ya kushusha umeme juu ya zile 650,000, na tayari umevuka bajeti yako.