Ulinganisho: Mojeek, Brave Search, DuckDuckGo au Kagi? Tuzipe injini changa nafasi ya kweli

Msakaji_Huru

Wakuu, kila ikitajwa injini ya utafutaji isiyo Google, jibu huwa lile lile: "Niliijaribu, haina kitu." Ukidadisi kidogo unakuta mtu alitafuta jambo moja alilozoea kulipata Google, matokeo yakaja kwa mpangilio mwingine, akafunga ukurasa. Jaribio la namna hiyo halimwambii mtu chochote. Naomba tulinganishe kwa utulivu.

Google ilianza 1998. Tangu hapo imesoma mtandao, na zaidi ya hapo imetusoma sisi: tunabofya wapi, tunarudi nyuma lini. Katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi yake, ilitolewa ushahidi kwamba mfumo wake uitwao Navboost hupanga matokeo kwa kutumia mibofyo ya watumiaji ya miezi 13. Injini changa haina hazina hiyo, na haitaipata kama kila anayeingia anatoka baada ya swali moja. Halafu na sisi tumeshazoea kuuliza kwa mtindo wa Google: maneno mawili nusunusu, herufi zimerukwa, tukijua itakisia. Ukihamia kwingine na mtindo huo, unapima mazoea yako zaidi kuliko unavyopima injini.

Ninazopendekeza tuziangalie:

Mojeek, ya Uingereza. Ilianza 2004 kama kazi ya mtu mmoja. Ina roboti zake, yaani programu zinazozunguka kusoma kurasa, na faharasa yake, yaani hazina ya kurasa ilizozisoma yenyewe, na haifuatilii watumiaji. Kwa umri si changa sana, ila wengi wetu hata jina lake hatujalisikia.

Brave Search. Ilifunguliwa kwa umma 2021, ikijengwa juu ya kazi ya timu iliyokuwa ikitengeneza injini ya Cliqz. Mwanzoni sehemu ndogo ya matokeo yake ilitoka Bing, injini ya Microsoft. Tangu 2023 inajitegemea.

DuckDuckGo, ya 2008. Faragha nzuri, lakini viungo vyake vya kawaida kwa sehemu kubwa vinatoka Bing.

Kagi, ya kulipia, iliyofunguliwa kwa umma 2022.

Msimamo wangu ni huu: ukitaka kuipa injini mpya nafasi, chagua yenye faharasa yake. Vinginevyo unaijaribu Bing yenye nembo tofauti, na hukumu yako haiwafikii wanaojenga kitu kipya.

Nyuki_Mtandao

Naunga mkono hoja ya faharasa, na ushahidi upo. Tarehe 23 Mei 2024 huduma ya Bing ilipata hitilafu. DuckDuckGo na Ecosia, injini nyingine inayotegemea Bing, zikasimama nayo. Watu walioamini wameondoka kwa wakubwa waligundua siku hiyo kwamba bomba ni lile lile.

Agosti 2025 Microsoft ikafunga ile huduma ya Bing ambayo injini nyingi ndogo zilikuwa zikinunua matokeo humo. Wakubwa wenye mikataba yao waliendelea, wadogo wakahangaika kutafuta chanzo kingine. Kwa hiyo swali la nani anamiliki faharasa lisionekane kama la wataalamu tu. Ndilo linaloamua kama injini unayoizoea leo itakuwepo kesho.

Na tuelewe kwa nini wachache wanathubutu. Kujenga faharasa ni kusoma mabilioni ya kurasa, kuzihifadhi, kurudi kuzisoma tena kwa sababu zinabadilika, na kutambua takataka kabla hazijajaa. Kuna tovuti zinazoruhusu roboti ya Google na kuwafungia wengine wote. Injini changa inaanza mbio huku baadhi ya milango imefungwa kwa kufuli.

Kalamu_Nzito

Nimewasoma wakuu, nawaheshimu, lakini mimi napinga kidogo. Mtumiaji hana deni kwa injini yoyote. Nina kazi ya kuandika, nikitafuta jambo nalihitaji sasa hivi. Nikikosa, ni saa yangu iliyopotea, na hakuna kampuni itakayonirudishia.

Na historia ina funzo lake. Mwaka 2008 ilizinduliwa Cuil, ikijengwa na watu waliowahi kufanya kazi Google, ikitangaza kwamba ina faharasa ya kurasa zaidi ya bilioni 120. Watu waliingia kwa wingi wakakuta matokeo yasiyohusiana na walichouliza. Kufikia 2010 ilikuwa imefungwa. Neeva nayo, iliyoanzishwa na aliyekuwa mkuu wa matangazo wa Google, iliacha utafutaji wa umma 2023. Basi tusiseme tatizo ni mazoea ya watumiaji peke yake. Injini nyingine zimeshindwa kwa sababu hazikutosha.

Nipeni kipimo ninachoweza kukitumia bila kuharibu kazi yangu, nitakifuata.

Bi_Maktaba

Kaka Kalamu, kipimo kipo, na hakikutaki uache kazi.

Kwanza, usibuni maswali ya majaribio. Ukikaa chini kubuni utauliza mambo makubwa kama "historia ya kompyuta", na hapo kila injini inafaulu. Fungua historia ya kivinjari chako uchukue maswali uliyouliza kweli. Yagawe kwa aina, maana mchanganyiko wake ndio unaoamua. Kuna maswali ya kwenda mahali tu, mtu anaandika jina la tovuti kwa uvivu wa kuandika anwani. Kuna ya jambo moja dogo: mwaka, kipimo, tahajia. Kuna ya habari za leo. Kuna ya kuchimba, pale unapotaka maandishi ya mtu anayeijua mada kwa kina. Ukiyagawa utaona kwamba sehemu kubwa ya utafutaji wako ni zile aina mbili za mwanzo, na kwa hizo karibu injini yoyote inatosha. Hofu ya kuhama inatokana na zile chache zilizobaki.

Pili, linganisha kwa usawa. Google yako inakujua. Ukitaka kuiweka kando ya nyingine, ifungue kwenye dirisha la faragha bila kuingia kwenye akaunti. Na jibu la akili bandia linalokaa juu ya ukurasa liondoe pande zote mbili, maana ukishasoma muhtasari huo hutazami viungo tena. Brave inakuruhusu kuuzima kwenye mipangilio. Google tangu Mei 2024 ina kichujio cha kuonyesha viungo vya tovuti pekee.

Tatu, na hili ndilo watu hulisahau: usiulize kama matokeo yanafanana na ya Google. Uliza kama swali lako limejibiwa. Injini mbili zinaweza kukupa kurasa tofauti kabisa na zote zikawa na jibu. Kama tofauti na Google ndiyo kasoro, basi hakuna injini itakayoshinda isipokuwa Google yenyewe.

Nikija kwenye niliyoyaona: Mojeek imenishangaza kwa maswali ya kuchimba. Kwa mada ambazo kwingine kurasa za mwanzo zimejaa maduka na orodha za "bora kumi", Mojeek imeniletea tovuti ndogo za watu binafsi, kurasa zenye maelezo marefu ya mtu anayependa anachokiandika. Kwa habari mpya na kwa maneno yaliyokosewa herufi, naiona dhaifu. Brave kwangu ndiyo iliyo karibu zaidi na matumizi ya kila siku bila kujilazimisha.

Kobe_Mwendo

Na Ecosia na Qwant mnaziweka wapi? Naona hamjaziweka kwenye ulinganisho.

Nyuki_Mtandao

@Kobe_Mwendo zote mbili kwa miaka mingi zimetegemea sana matokeo ya Bing, na Ecosia imetumia ya Google pia. Lakini 2024 zilitangaza ubia wa kujenga faharasa ya pamoja ya Ulaya, na 2025 ikaanza kutumika Ufaransa. Ndiyo maana sikuzipendekeza. Ziko njiani, haki yao ni kupimwa faharasa hiyo itakapokomaa.

Lugha_Hai

Naongeza jambo ambalo wenzetu wanaolinganisha kwa Kiingereza hawaligusi: jaribuni kwa Kiswahili pia, na mjue mnachokipima.

Lugha yetu hubadilisha maneno mwanzoni. Mtu anaandika "kutengeneza tovuti", ukurasa mzuri umeandikwa "utengenezaji wa tovuti", mwingine "unavyotengeneza", mwingine "tovuti zilizotengenezwa". Injini inayotazama neno jinsi lilivyoandikwa itaona maneno manne yasiyohusiana. Mojeek naiona inategemea sana neno lenyewe, na kwa Kiswahili jambo hilo linaonekana haraka. Nimezoea kuuliza kwa jina la kitu badala ya kitenzi, au kujaribu maumbo mawili, na matokeo hubadilika sana.

Je, hiyo ni kasoro? Ndiyo, na ni kubwa kwetu. Lakini hata zile kubwa mara nyingi nikiuliza kwa Kiswahili zinanipa kurasa zilizotafsiriwa na mashine, Kiswahili kisichosomeka, zikiwa juu ya maandishi ya watu. Kati ya injini inayonitaka nichague neno vizuri na ile inayonipa takataka kwa ulaini, sioni kwamba ya pili imeshinda. Haya yataboreka tu kama kuna watu wanaouliza kwa Kiswahili huko. Lugha isiyoulizwa hakuna atakayeitengenezea kitu.

Kalamu_Nzito

Dada Bi_Maktaba, hoja ya kutolinganisha kwa kufanana nimeikubali. Sikuwa nimeitazama hivyo.

Kagi je? Kulipia kutafuta bado kunanitatiza. Kuna anayeitumia?

Mpiga_Chapa

Ninaitumia mimi. Unapewa utafutaji 100 wa bure wa kuonja, baada ya hapo kuna kifurushi cha dola 5 kwa mwezi chenye utafutaji 300, na cha dola 10 kisicho na kikomo. Hakuna matangazo hata moja. Kikubwa kwangu ni uwezo wa kuipandisha tovuti, kuishusha au kuizuia kabisa. Tovuti inayonakili kazi za wengine ukiizuia mara moja haionekani tena kwenye matokeo yako.

Lakini kwa mujibu wa mjadala huu niseme wazi: Kagi inachanganya vyanzo vya nje na faharasa yake ndogo. Kama kigezo ni faharasa huru, haisimami sawa na Mojeek au Brave. Nguvu yake iko kwenye mtindo wa biashara. Anayelipa ni anayetafuta, kwa hiyo hakuna sababu ya kumpendeza mtangazaji.

Wenye wasiwasi kwamba akaunti inaunganisha jina lako na maswali yako, 2025 waliongeza njia ya kuthibitisha kwamba umelipia bila kuonyesha wewe ni nani.

Msakaji_Huru

Ahsanteni, mmenipanua. @Kalamu_Nzito, kuhusu Cuil nakubali kabisa kwamba nafasi ya haki haimaanishi huruma. Injini iliyoshindwa baada ya kupimwa vizuri imeshindwa. Ninachokataa ni kushindwa kabla ya kupimwa, na hapo ndipo chaguo la msingi linapoingia. Mwaka 2021 pekee Google ililipa dola bilioni 26.3 ili iwe injini iliyowekwa tayari kwenye vivinjari na simu. Takwimu hiyo ilitajwa kwenye ile kesi, na Agosti 2024 Jaji Amit Mehta akaamua kwamba Google ilivunja sheria kwa kulinda ukiritimba wake. Kampuni hailipi fedha hizo kama watu wanabadilisha mipangilio kirahisi. Inalipa kwa sababu hatubadilishi.

Ndiyo maana kuitembelea tovuti ya injini mpya pale unapoikumbuka hakutoshi. Hutaikumbuka. Lazima iwe ndiyo inayojibu unapoandika kwenye upau wa anwani, na Google ndiyo uifuate kwa makusudi ukikwama.

Kobe_Mwendo

Nimejaribu kuweka Mojeek kwenye iPhone, kwenye kivinjari chake cha Safari siioni kabisa kwenye orodha.

Nyuki_Mtandao

Hutaiona. Safari ya iPhone ina orodha fupi iliyopangwa tayari. DuckDuckGo na Ecosia zimo, Mojeek haimo, na huwezi kuongeza utakayo. Kwenye simu hiyo tumia kivinjari kingine.

Kwenye kompyuta ni rahisi. Chrome na ndugu zake: nenda kwenye mipangilio ya injini ya utafutaji, ongeza mpya, jina weka Mojeek, anwani weka https://www.mojeek.com/search?q=%s kisha uifanye chaguo la msingi. Hapo kwenye %s ndipo swali lako litakapokaa.

Ukikwama usirudi kubadilisha mipangilio. Mojeek ina viungo kwenye ukurasa wa matokeo vya kulipeleka swali lile lile kwenye injini nyingine. Ukitumia DuckDuckGo, andika !g mbele ya swali likupeleke Google, au !w likupeleke Wikipedia moja kwa moja.

Bi_Maktaba

Na kila unapotoka kwenda Google, andika mahali swali lilikuwa lipi na kama huko ulipata. Mara nyingi utakuta hata huko halikuwepo. Orodha hiyo fupi ndiyo ripoti yako, na inafaa kutumwa kwa wenye injini. Timu ndogo husoma barua za watumiaji, nami nimewahi kujibiwa na mtu aliyeelewa tatizo langu.

Kalamu_Nzito

Sawa wakuu. Kompyuta ya kazini naiweka Brave, kwa sababu ya habari za leo na haraka za wahariri. Ya nyumbani ninakoandikia makala ndefu naiweka Mojeek, nikiuliza kwa majina ya vitu kama alivyoshauri Lugha_Hai. Simu naiacha ilivyo kwanza. Orodha ya maswali yaliyokwama nitaibandika hapa, na yale ya Kiswahili nitayatenga peke yake.

Lugha_Hai

Ukiyatenga, andika na umbo la neno ulilotumia, si mada tu. Hicho ndicho wanachokihitaji wanaotengeneza.