Naomba ushauri: tuunganishe klabu yetu ya raga na ya mji jirani?

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Ninaishi katika mji mdogo wa wakulima wa ngano huko New South Wales, Australia, katika eneo ambalo miji kama Canowindra, Manildra na Trundle imekuwa ikishindania Woodbridge Cup kwa raga ya wachezaji 13. Klabu yetu, ambayo mimi ni mjumbe wa kamati yake, inaishiwa na wachezaji, kwa kuwa vijana wakimaliza shule huhamia Orange, Dubbo au Sydney kutafuta kazi na masomo.

Wapo wanaotaka tuungane na mji jirani, na wapo wasiotaka hata kusikia jina letu likibadilishwa. Mimi naelemea upande wa kuungana, ingawa inaniuma, maana siku ya mechi ya nyumbani mji mzima hukutana uwanjani: wazazi wanakaanga soseji na vitunguu kando ya uwanja, wasichana wanacheza raga yao isiyo ya kuangushana, ambapo mwenye mpira husimamishwa kwa kunyofolewa kitambaa kilichobandikwa kiunoni, kabla ya wanaume kuingia, na mapato ya kantini ndiyo yanayolipia bima.

Waliowahi kuunganisha klabu, hata za kandanda, mligawanaje mechi za nyumbani, rangi za jezi na fedha zilizokuwa benki? Je, ni busara tuandikiane kwanza makubaliano ya msimu mmoja?